Kura Iliyoandikwa Kula

Mwezi jana nilikabidhi funguo za ofisi ya nyumba za manispaa hapa Thika. Kijana aliyezipokea aliniuliza kama nina neno la kumwachia. Nikamwambia paa la vyoo vya nyuma linavuja. Nilipofika nyumbani nikaona nimemnyima. Paa atalisikia mwenyewe mvua ikinyesha. Neno lenyewe ni hili ninaloliandika, nalo limenikaa kifuani tangu miaka ya hamsini bila kupoa.

Siku hizi mtu akija ofisini kulalamika juu ya jirani anayelewa na kutukana, au anayemwaga maji machafu mlangoni pa mwenzake, mnampa karatasi. Akimaliza kuandika mnamwambia aende, mtamwita. Mimi nilifundishwa kazi hii na mtu asiyejua kuandika, na katika maisha yangu sijaona mlalamikaji aliyetoka kwake bila kusikilizwa. Wa kwenu wanatoka na nakala ya karatasi.

Mimi ni mtu wa magharibi, karibu na Kakamega. Baba alikufa nikiwa darasa la nne na mama akamfuata kabla wageni wa matanga hawajamaliza kuondoka. Nilikuwa kifungua mimba, na nyuma yangu kulikuwa na dada na kaka mdogo wanaohitaji kula. Niliiacha slate yangu ya kuandikia juu ya dawati nikidhani nitairudia baada ya mavuno. Mjomba alikuwa mpishi katika shamba la kahawa huko Ruiru, upande wa Mugutha, akatuita sote watatu. Alipoona jinsi dada yangu anavyomaliza ugali, akanitafutia kazi upesi sana.

Siku ya kwanza nilipewa ufagio, debe la chokaa na amri ya kugonga chuma cha reli kilichoning'inizwa penye mti, ili watu waamke. Nilikuwa mfagiaji wa laini. Laini ndizo nyumba za wafanyakazi, zilizopangwa kwa mistari kama viazi, chumba kwa chumba, ukuta mmoja kwa watu wawili. Mtu akikohoa, jirani anaugua. Mahali kama hapo ugomvi hauhitaji mbegu.

Mnyapara wa laini alikuwa Mzee Gathogo, Mkikuyu mrefu, mwenye firimbi shingoni na rungu ambalo nililiona likitumika zaidi kufukuza mbwa. Watu walimletea mashtaka yao wakati wa jioni, naye aliwasikiliza amekaa juu ya gogo. Alikuwa na neno moja tu kwa kila mtu: "Nionyeshe kwa mkono."

Alikuja mtu mmoja akitweta, akasema jirani amemvunjia mlango. Gathogo akamwambia amwonyeshe kwa mkono. Yule mtu akasukuma hewa kwa kidole kimoja. Gathogo akasema, "Hapo mrango umefunguriwa. Enda urare." Akaja mwingine, dada mmoja mchuma kahawa, akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna mtu anamsumbua kidogo tu njiani. Akaambiwa aonyeshe. Aliinua mkono, akajishika shingo yake mwenyewe, akakaza. Gathogo alisimama, akachukua lile rungu, na jioni hiyo sikuona mbwa.

Nilimwuliza kwa nini hakubali maneno ya watu kama walivyoyasema. Akaniambia, "Wewe mtoto wa Kakamega, hapa kira mtu anasema Kiswahiri cha mama yake. Mkono hauna kabira."

Ni kweli. Kikikuyu hakina sauti ya *l*, kwa hiyo wengi wao walisema "kura chakura" na "kurara". Sisi wa magharibi tuliwacheka sana, tukisahau kwamba wengi wetu tuliita bunda "punda" na punda "bunda". Tulichekana kila siku, na haikuwa na ubaya wowote mpaka kicheko kilipovaa sare.

Serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya wapiganaji wa msituni, Gathogo alichukuliwa na lori pamoja na wanaume wengine wa Kikuyu. Hakuna aliyetuambia kosa lake. Mkewe alinipa firimbi nimtunzie. Baada ya muda shamba moja la mkonge upande wa Thika, karibu na mto Chania, likatafuta mnyapara wa laini asiye Mkikuyu, nami nikaenda na firimbi ile ile. Ukiona mahali popote imeandikwa kwamba nilipandishwa cheo, usiamini. Niliokota kazi ya mtu aliyeporwa.

Pale Thika laini zilikuwa za aina mbili. Upande mmoja waliishi watu wa kwetu, walioletwa kuziba mapengo. Upande wa pili, nyuma ya uzio, waliishi wanawake wa Kikuyu na watoto wao, maana wanaume wengi hawakuwapo. Hawakuruhusiwa kutoka bila kibali. Katikati, penye lango la uzio, palikuwa na mfereji mmoja wa maji, yaani bomba. Aliyepanga hivyo hakuwahi kubeba debe.

Mfereji ulifunguliwa asubuhi na alasiri. Siku za kazi alasiri ilipita salama. Jumamosi ilikuwa jambo lingine. Dereva wa trekta, mtu wa kwetu kabisa aliyeitwa Barasa, alikaa pale na wenzake wakinywa pombe ya busaa tangu saa saba. Walikojoa kwenye saruji ya mfereji. Walipiga teke madebe. Halafu Barasa akabuni mchezo wake. Aliweka debe tupu magotini, akalipiga kama ngoma, na kila mwanamke aliyekuja kuteka maji aliambiwa, "Cheza kwanza, mama." Asiyecheza alimwagiwa maji yake. Aliyecheza alichekwa mpaka akafika nyumbani.

Nataka vijana mnielewe vizuri. Wengine wametaka kuniambia kwamba huo ulikuwa utani wa walevi. Utani una watu wawili. Hawa walikuwa wanawake ambao waume zao walikuwa kizuizini au kaburini, wamekata mkonge wiki nzima, na watoto wanalia kiu. Palikuwa na mjane mmoja, Mama Wairimu, ambaye mumewe alikuwa amezikwa muda mfupi tu uliopita. Alikataa kucheza. Walimwaga debe lake, akarudi nyuma kwenye foleni, wakalimwaga tena. Aliniambia kesho yake, "Bwana Andayi, watoto wamerara bira kupika." Alinionyesha kwa mkono jinsi debe lilivyopinduliwa, pole pole, mtu akimtazama machoni.

Niliwafukuza kwa firimbi na kwa maneno. Barasa aliniuliza tangu lini nimeanza kuolewa na Wakikuyu. Nilikwenda kwa meneja. Akasema trekta haziendi zenyewe. Nilikwenda kwenye kituo kidogo cha polisi kilichokuwa penye lango la shamba, tena na tena, na Koplo wa pale, ambaye naye alikuwa mtu wa kwetu na mnywaji wa busaa ile ile, akanijibu, "Mlalamikaji aje mwenyewe. Wewe si mfereji." Watu wa laini yangu wakaanza kuniita msaliti. Dada yangu alinyimwa salamu kanisani. Sikuacha kwenda, lakini nilikuwa kama mtu anayepuliza moto kwa pua.

Wale wanawake wakatafuta njia yao. Kila Jumamosi, kabla ya mfereji kufunguliwa, walikutana chumbani kwa Mama Wairimu. Bibi mmoja mzee waliyemwita Cucu Njeri alishika majani makavu mkononi, ncha zikiwa sawa, na kila mmoja akavuta moja. Aliyevuta jani fupi ndiye aliyekwenda mfereji kwa ajili ya wote, akirudi na kurudi na madebe ya wenzake, akichezeshwa kila safari, ili wengine wapone. Walikuwa wakipiga kura ya nani aaibishwe. Hivyo ndivyo raia wema wa Thika walivyopata maji ya kunywa.

Jumamosi moja jani fupi lilimwangukia Mama Wairimu. Wenzake walisema wamvushe, kwa kuwa alikuwa bado na kilio. Alikataa kuvushwa, na akakataa kucheza pia. Alisema Koplo anataka mlalamikaji mwenyewe, basi atampata. Aliomba kibali cha kutoka, akajifunga leso nyeusi, akaenda kituoni mchana kweupe kushtaki. Mimi nilikuwa Ruiru siku hiyo nikimpeleka mdogo wangu kwa mjomba. Niliporudi nilikuta amefungiwa.

Yaliyotokea mle ndani Koplo mwenyewe alinisimulia, tena akicheka, kama mtu aliyetega sungura akanasa paa. Mama Wairimu alieleza habari ya Barasa vizuri, na Koplo hakuandika neno. Kisha akaeleza jinsi wanavyopata taabu hata kukutana nyumbani kwake kila Jumamosi kwa ajili ya kura. Hapo kalamu ikaamka.

"Nikamwuliza, kula nini?" Koplo aliniambia. "Akajibu, kura tu. Nikamwuliza tena, mnakula nini na nani? Akasema, kura ya majani, na wanawake wote wa laini."

"Kura," nikamwambia. "Alisema kura. Ndiyo aliyotaka kusema."

"Tangu lini Mkikuyu akasema kura akamaanisha kura? Ulimi wao unajulikana. Nimemsahihishia."

Ndiyo neno alilotumia, kumsahihishia. Kila mtu anajua siku zile kilicholiwa kwa siri, nyumbani kwa mjane, na majani mkononi, kilikuwa nini. Kiapo cha wale wa msituni. Aliandika kwamba mwanamke huyu amekiri mwenyewe kulisha wenzake kiapo, na kwamba Jumatatu atapelekwa mbele. Waliopelekwa mbele mara nyingi hatukuwaona tena kwa miaka. Watoto wake walikuwa watatu, na mdogo alikuwa hajaacha kunyonya.

Mwanamke yule alikuwa amesema neno sahihi. Mara hiyo moja *r* yake ilikuwa mahali pake, nayo ndiyo iliyomfunga. Alikwenda kushtaki akashtakiwa, na aliyemshtaki ni sikio la mtu mwingine. Nimezeeka sasa, nimesamehe mambo mengi, lakini hili nikilikumbuka chai inanishinda.

Nilimwendea Sajini, mkubwa wa kituo, Mkamba mkavu ambaye hakunywa wala hakucheka. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba amtoe Mama Wairimu, amwambie aonyeshe kwa mkono walichokuwa wakifanya. Alisema kituo si uwanja wa michezo. Nikamwambia ni kura, si kula.

"Kura?" akasema. "Nani amewapa ninyi ruhusa ya kupiga kura?"

Nikatoka. Kula kulikuwa kifungo, na kura nayo ilihitaji ruhusa.

Kesho yake, Jumapili asubuhi, wanawake wa laini walitakiwa kituoni. Hawakuitwa kwa kesi. Waliitwa kukata nyasi, maana wakati ule walilazimishwa kazi za bure, na kituo hakikujua kwamba Jumapili ni ya Mungu. Mimi nilitumwa kuwasimamia. Nilikuwa nimewaeleza yaliyoandikwa. Walikata nyasi vizuri, wakazirundika. Mtoto wa Mama Wairimu alilia mgongoni kwa Cucu Njeri, na kutoka ndani mama yake alimjibu kwa sauti. Ndipo Cucu Njeri akatupa mundu chini, akakaa katikati ya ua, mbele ya mlango wa Sajini, akachagua majani kwenye rundo.

Wanawake wakamzunguka. Mmoja akavuta, wa pili akavuta. Koplo alitoka mbio akiwaambia waondoke. Hawakuondoka. Sajini naye akatoka, akasimama mlangoni amefunga mikono.

"Mnafanya nini?"

"Tunapiga kura, afande," Cucu Njeri akasema. "Ya nani aingie rumande asaidie mwenzake kunyonyesha. Wa jani fupi anaingia."

"Kula?" Koplo akadakia. "Umesikia, afande? Kula."

Cucu Njeri alinyanyuka kwa shida, akamwendea, akaweka jani moja juu ya kiganja cha Koplo.

"Hii ni kura," akamwambia. "Ungekuwa mbuzi, mwanangu, ingekuwa kura."

Kwa ulimi wake yote mawili yalitoka sawa, neno la kwanza na la pili, na hapakuwa na mtu uani ambaye hakuelewa lipi ni lipi. Hata askari wa zamu aligeuza uso ukutani. Sajini alimtazama Koplo aliyesimama na jani mkononi, akalitazama lile duara la wanawake, akatazama rundo la nyasi. Nilimwona akihesabu kichwani ni wangapi atalazimika kuwafungia, na atawaweka wapi.

Aliagiza Mama Wairimu atolewe. Alimwambia aonyeshe walichokuwa wakifanya nyumbani kwake. Mama Wairimu alichukua majani kutoka kwa Cucu, akasawazisha ncha, akamnyooshea Sajini. Yule mtu mkavu alisita, kisha akavuta. Lilikuwa fupi.

"Sasa mimi nafanywa nini?" akauliza.

"Unakwenda mfereji kwa Barasa," Mama Wairimu akasema. "Unacheza."

Sajini alilitupa jani chini. Alimwachilia saa ile ile, na kwenye karatasi ya Koplo akapiga mstari. Hakumwomba radhi. Alimpa nasaha: siku nyingine akija kituoni aseme maneno sawasawa.

"Nirisema sawasawa," akamjibu, akampokea mtoto wake.

Mngedhani kwamba baada ya hapo Barasa aliitwa. Hakuitwa. Nilipouliza, Koplo alisema ile habari imefungwa. Ni habari gani iliyofungwa? Habari ya kula, ambayo haikuwapo. Habari ya mfereji, iliyokuwapo, haikuwa imefunguliwa. Nimeifanya kazi hii maisha yangu yote, chini ya wakoloni na chini yetu wenyewe, na bado naiona njia hiyo ikitumika. Mtu analeta jambo lake, linageuzwa jambo lingine, lile lingine linafutwa, kisha anaambiwa ameshughulikiwa.

Jumamosi iliyofuata hawakupiga kura chumbani. Walikuja mfereji wote, na watoto, na madebe matupu. Barasa akaanza kupiga ngoma yake. Mimi nilisimama kando na firimbi mdomoni, lakini Cucu Njeri aliniashiria niiteremshe. Alimwendea Barasa, akamnyooshea majani.

"Vuta, mwanangu. Reo wa fupi ndiye anayecheza."

Wenzake wakamhimiza, maana mlevi hapendi mchezo upite. Barasa akavuta. Fupi. Akasema amedanganywa, na mwenzake avute. Mwenzake akavuta: fupi. Wa tatu akavuta: fupi. Bibi alikuwa ameyakata yote sawa. Walipoelewa, walianza kuchekana wao kwa wao, na wanawake wakaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja, wakingoja. Hakuna aliyewatukana. Walingoja tu mwanamume acheze.

Barasa hakucheza. Aliinuka akachukua debe lake na kusema maji ya pale yananuka, jambo ambalo yeye ndiye aliyejua sababu yake. Aliporudi majuma ya baadaye alirudi na debe la kuteka maji, akasimama kwenye foleni. Dada yangu alisalimiwa tena kanisani, ingawa si na wote.

Firimbi nilimrudishia Mzee Gathogo alipofunguliwa. Alikuwa amekonda na meno yamepungua. Nilimsimulia habari hii yote, akaniuliza kama Koplo aliwahi kuyaandika malalamiko ya mama yule. Nikamwambia hapana. Akaitazama firimbi, akanirudishia. "Basi kazi haijakwisha," akasema.

Mama Wairimu aliishi Thika hadi uzeeni, katika nyumba za manispaa nilizokuja kuzisimamia baadaye. Hakuingia tena ofisi yoyote kulalamika, hata yangu. Bomba likipasuka, au kijana akipiga redio kupita kiasi, alisimama nje ya dirisha langu akanionyesha kwa mkono, nami nikatoka. Alizikwa mwaka juzi. Kwa hiyo, ninyi mlioshika funguo, hii ndiyo kazi niliyowaachia bila kumaliza, nami naimaliza hapa kwa maneno yake, kama alivyoyasema kituoni siku ile.

Mama Wairimu, mjane, wa laini za nyuma ya uzio, anashtaki kwamba dereva Barasa na wenzake wanakaa mfereji kila Jumamosi, wanakojoa penye maji ya watu, wanawalazimisha wanawake kucheza, na asiyecheza wanamwaga maji yake. Yeye hakucheza. Watoto wake walilala bila kupika. Anataka wakatazwe.